Fizi Zikirudi Nyuma, Koleo Lisitangulie



Ndugu msomaji, mwenye kuujua mji wa Mbinga katika miezi ya Juni na Julai atanielewa upesi. Milima ya Umatengo hufunikwa na ukungu tangu alfajiri, na maji yaliyolala nje ndani ya ndoo huuma vidole. Ilikuwa katika baridi hiyo, nilipokwenda kumjulia hali mdogo wangu aliyehamia huko kwa shughuli za kahawa, ndipo mkewe aliponieleza jambo lililonikosesha raha. Alisema kwa haya kwamba amefika mahali pa kuuogopa udhu wa Alfajiri. Si uvivu, wala si usingizi. Ila kila akisukutua maji ya baridi, meno yake ya mbele ya chini hupatwa na ganzi kali na maumivu hupanda mpaka machoni. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akilowesha midomo tu na kupita, kisha husali huku moyo wake una shaka iwapo udhu umetimia.

"Shemeji," aliniuliza, "sala zote hizo itanipasa kuzilipa?"

Jibu la swali hilo halikuwa gumu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tunayafuata, kusukutua ni sunna ya udhu na wala si nguzo yake. Kwa hiyo udhu wake ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Tena hakuna aliyekataza kuyapasha maji moto. Jambo gumu lilikuwa lile nililoliona alipofungua kinywa kunionyesha.

Palikuwa na pengo. Kando ya pengo hilo jino la pili lilisimama refu kuliko wenzake, mzizi wake wa rangi ya manjano ukiwa wazi kwa urefu wa punje ya mchele, mithili ya mbuni ambao mvua imesomba udongo wa shinani pake. Nikamuuliza lile jingine limekwenda wapi. Akasema lilikuwa hivyo hivyo, akaenda nalo katika kituo kimoja cha matibabu, akaambiwa kuwa fizi imeliwa na jino hilo halina maisha, likang'olewa. Shughuli yote haikuzidi robo saa.

"Lilikuwa likitikisika?"

"Hapana shemeji. Lilikuwa imara. Hata huyo aliyeling'oa alitoka jasho."

Nimeirudia kauli hiyo moyoni mara nyingi tangu siku ile. Jino imara, lisilotoboka, lisilo na usaha, katika kinywa cha mama wa miaka thelathini na minne, limeng'olewa kwa kosa la kuonekana mzizi. Nami nasema, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya, kwamba jambo hili halikupaswa kutokea, na kwamba linatokea katika nyumba nyingi za mkoa wa Ruvuma na kwingineko nchini bila mtu kuuliza. Hakuna mkulima wa Umatengo ambaye akiona mizizi ya mbuni wake imebaki wazi atachukua shoka aukate. Wamatengo ni watu wa ngoro. Mababu zao walichimba mashimo yale milimani ili maji yasiuchukue udongo. Mkulima wao atazuia maji kwanza, kisha atarudisha udongo shinani. Fizi nayo inataka utaratibu huo huo, na katika tiba ya meno ule udongo wa kurudisha upo. Upo upasuaji wa kuifunika mizizi iliyofichuka, na si jambo la jana.

Mimi si tabibu. Niliyoyaandika hapa nimeyauliza kwa wenye elimu yao na kuyasoma, na anayejua zaidi anisahihishe.

Kwanza tufahamu tunachozungumzia. Jino lina kichwa kilichovikwa gamba gumu, na lina mzizi usio na gamba hilo. Mzizi umeumbwa ukae ndani ya mfupa wa taya na kufunikwa na fizi. Fizi ikirudi nyuma, mzizi hubaki uchi: baridi huuchoma, kitu kitamu huuuma, na kwa kuwa ni laini, huoza upesi na kuliwa na brashi. Watu husema meno yameota marefu, au kwamba huo ni uzee, au kwamba kuna wadudu, au kwamba damu imepungua vitamini. Uzee si sababu. Ni kwamba aliyeishi miaka mingi amekuwa na miaka mingi ya kuzikosea fizi zake.

Sababu kubwa ni mbili, na kinachotatanisha ni kwamba zinapingana. Ya kwanza ni uchafu. Utando laini unaobaki kwenye shingo ya jino, ambao Waswahili waliuita ukoga, usipoondolewa hugandamana na kuwa ugaga, mgumu kama chokaa iliyokauka ukutani, nao hautoki kwa brashi wala kwa kijiti. Ugaga huhifadhi vijidudu. Fizi huvimba, hutoka damu, na mfupa ulio chini yake huanza kuyeyuka taratibu bila maumivu. Mfupa ukishuka, fizi huufuata. Sababu ya pili ni usafi uliokosa adabu: kusugua kwa nguvu, kwa mlalo, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Huyu wa pili mara nyingi ndiye anayejivunia meno meupe. Zipo na sababu nyingine, kama vile jino lililoota nje ya mstari ambapo mfupa ni mwembamba, au kijikamba cha ndani ya mdomo kinachoivuta fizi kila mtu anapozungumza, au ugoro unaowekwa kila siku mahali pale pale nyuma ya mdomo wa chini.

Hili la ugoro nililiona kwa macho yangu wiki ile ile. Tuliteremka mpaka Mbamba Bay kuwasalimu wazazi wa shemeji, kwani yeye ni mzaliwa wa huko mwambao wa Ziwa Nyasa. Safari ya kilomita 66 iliyokuwa ikiwatesa wasafiri siku za masika, sasa ni lami. Baada ya sala ya Ijumaa tulikaa na wazee kivulini, usipa ukianikwa jirani, na mazungumzo yakafika kwenye meno. Mvuvi mmoja wa makamo alinishushia mdomo wake wa chini bila kuombwa. Mahali anapouweka ugoro palikuwa peupe na pamekunjamana, na meno mawili yaliyo nyuma ya mahali hapo yalikuwa yamevuliwa fizi kwa mbele, ilhali yaliyobaki yote yalikuwa mazima. Yeye mwenyewe alishangaa alipoonyeshwa mpaka ulivyo dhahiri. Shemeji naye akakumbuka kwamba utotoni mwao walikuwa wakisugua meno kwa mchanga wa ziwani, kwa kidole, wakishindana nani atang'aa zaidi.

Na kama mtu anadhani hili ni jambo jipya, mwaka 1986 watafiti watatu, Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinywa vya watu wazima Watanzania wa umri wa miaka 30 hadi 69. Walikuta ugaga na ukoga kwa wingi mno, jambo ambalo halimshangazi yeyote anayejua umbali wa daktari wa meno. Lakini walikuta pia kwamba mifuko mirefu kati ya fizi na jino haikuwa mingi kama ilivyotarajiwa, na kwamba uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa baadhi tu ya watu. Kwa maneno mengine, kinywa chenye ugaga hakijahukumiwa kuwa kibogoyo. Watu wetu walikuwa wamebaki na meno yao. Basi kwa nini sisi tuyatoe kwa koleo yale ambayo maradhi yenyewe yameshindwa kuyatoa?

Hapa sina budi kugusa mswaki, maana huu ni ukurasa wa Ijumaa na kila msomaji wake anajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyousisitiza. Lugha yetu yenyewe imelichukua neno hilo kutoka kwa Waarabu hata brashi ya plastiki ya dukani tunaiita mswaki. Shirika la Afya Duniani mwaka 1986 lilihimiza matumizi ya mswaki wa mti mahali ambapo desturi hiyo ipo. Tunapenda sana kuyataja haya mimbarini. Tusichopenda kukitaja ni kwamba mwaka 1991 ulitolewa utafiti wa Saudi Arabia ulioonyesha kuwa kurudi nyuma kwa fizi kulikuwa kukubwa zaidi kwa watumiaji wa mswaki wa mti kuliko kwa watumiaji wa brashi. Je, sunna imewadhuru? Hasha. Mwaka 2003 ukatoka utafiti mwingine, huko huko Saudi Arabia, ambapo washiriki walifundishwa kwanza namna ya kuutumia. Safari hii mswaki wa mti uliondoa ukoga vizuri kuliko brashi, na fizi zikanufaika. Mti ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mafunzo.

Kwa hiyo khatibu anapotuambia tupige mswaki, na atuambie na namna yake. Kijiti kiwe kibichi au kirowekwe, kitafunwe mpaka nyuzi zake zilainike, na ncha iliyochakaa ikatwe. Kisha kianzie kwenye fizi kuelekea ncha ya jino, taratibu, jino kwa jino, ndani na nje. Kisipelekwe huku na huku kama msumeno. Brashi ya dukani ni hivyo hivyo, na inunuliwe ile laini. Wengi wetu huchagua ngumu kwa imani kwamba ndiyo isafishayo. Mkaa, majivu na mchanga tuviache viendelee na kazi ya masufuria. Na katika mwezi wa Ramadhani, ambapo wafuasi wa Imam Shafi huuona mswaki kuwa makuruhu kwa mfungaji baada ya jua kupinduka, zimebaki saa nyingi kabla ya hapo na usiku mzima baada ya futari. Kufunga si sababu ya kukaa na ukoga mwezi mzima.

Sasa tuje kwenye upasuaji wenyewe, kwa kuwa watu wakilisikia neno hilo hudhani taya litafunguliwa.

Daktari huanza kwa kupima. Anacho kichuma chembamba chenye alama za milimita anachokipitisha polepole kati ya fizi na jino, na aghalabu hupiga eksirei auone mfupa. Anachokitafuta zaidi si urefu wa mzizi ulio wazi, bali hali ya nyama na mfupa ulioko kati ya jino na jirani yake. Mwaka 1985 daktari wa Marekani, P. D. Miller, aliyapanga marudio haya ya fizi katika madaraja manne, na mpango wake umefundishwa duniani kote, ijapokuwa mwaka 2011 ulitoka mwingine Italia wenye madaraja matatu. Kwa mgonjwa maana yake ni moja: ikiwa nyama ya katikati ya meno ingalipo kamili, kuna matumaini ya kuufunika mzizi wote, ikiwa imepungua, utafunikwa kwa sehemu, na ikiwa mfupa umekwisha kabisa, daktari mwaminifu atasema kwamba hapana cha kufunika.

Ikiwa fizi iliyo jirani ni nene ya kutosha, daktari huilegeza na kuivuta ifunike mzizi, kisha huishona hapo. Isipotosha, huchukua nyama mahali pengine pa kinywa hicho hicho, yaani kwenye kaakaa, upande wa magego ya juu. Njia iliyokuja kuwa kipimo cha nyingine zote ilielezwa mwaka 1985 na Burton Langer na Laureen Langer wa Marekani. Hufunguliwa mlango mdogo kaakaani, ikatolewa nyama ya chini ya ngozi, nyembamba ya milimita moja au moja na nusu, kisha mlango ukafungwa. Nyama hiyo hulazwa juu ya mzizi uliokwisha kusafishwa, na fizi iliyolegezwa huvutwa juu yake kama shuka, ili ipate damu pande zote mbili. Ipo njia iliyoitangulia, ambapo kipande hutolewa pamoja na ngozi yake na kubandikwa wazi. Hiyo huacha kiraka cha rangi tofauti, lakini bado inafaa sana kwa meno ya mbele ya chini, ambapo kinachotakiwa ni fizi nene iliyo imara kuliko uzuri.

Yote haya hufanyika kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, naye hurudi nyumbani siku ile ile. Kaakaa ndilo linalouma zaidi kuliko fizi, kama mtu aliyeungua kwa chai ya moto, na hupona kwa wiki mbili au zaidi kidogo. Siku za mwanzo chakula ni uji, viazi vilivyopondwa, samaki aliyetolewa miiba. Usipa mkavu usubiri. Mahali palipotibiwa hapaguswi na brashi kwa wiki mbili au zaidi, ila husukutuliwa kwa dawa anayoitoa daktari. Nyuzi hutolewa baada ya siku kumi au kumi na nne. Na mgonjwa akatazwe kabisa jambo moja ambalo kila mtu hulifanya: kuuvuta mdomo kila mara mbele ya kioo ili atazame. Kipandikizi kinaishi kwa vijishipa vipya vyembamba kuliko unywele, na kukivuta ni kuvikata.

Huenda msomaji akauliza kuhusu hukumu ya sharia, na ni haki yake kuuliza. Kuna wanaohofia kwamba kukata nyama ya kaakaa na kuipeleka kwenye fizi ni kubadili maumbile. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nne kilichofanyika Jeddah mwezi Februari 1988, lililijadili suala la viungo vya binadamu na kuruhusu kuhamisha sehemu ya mwili kutoka mahali hadi mahali pengine kwa mtu huyo huyo, kwa sharti kwamba manufaa yazidi madhara na lengo liwe kurudisha kilichopotea, au kurejesha kazi yake, au kuondoa kasoro inayomuudhi mtu mwilini au moyoni. Fizi iliyopotea ni kilichopotea. Sioni penye utata hapo.

Utata upo kwingine, na hili wengi hawaambiwi. Katika miji mikubwa na nchi za nje, baadhi ya madaktari hawachukui nyama ya kaakaani bali hutumia vifaa vilivyotengenezwa viwandani. Vimo vinavyotokana na ngozi ya maiti wa binadamu waliojitolea, vimo vinavyotokana na ng'ombe, na vimo vinavyotokana na nguruwe. Hata ile dawa maarufu ya kupaka kwenye mzizi ili kuchochea uponaji hutolewa katika vijino vya nguruwe ambavyo bado havijaota. Wanazuoni wana maneno yao kuhusu kitu kilichobadilika asili na kuhusu dharura, nami sitaki kuwatangulia. Nasema tu kwamba mgonjwa Mwislamu ana haki ya kuuliza kabla ya kulala kwenye kiti: "Daktari, hicho kinatoka wapi?" Naye asiogope kwamba akikikataa atakosa tiba bora, kwa sababu nyama ya kaakaa lake mwenyewe ndiyo hadi leo inayotoa matokeo mazuri zaidi. Halali yake iko kinywani mwake, na haiuzwi.

Baada ya kuusifu upasuaji, sasa niupunguzie. Si kila aliyefichuka mzizi anauhitaji. Mtu mzima mwenye milimita moja au mbili zisizouma wala kuongezeka anatosheka kwa kuangaliwa mara kwa mara na kupewa dawa ya meno yenye floridi. Tena upasuaji ukifanywa juu ya fizi inayotoka damu, au kwa mvutaji sigara, au kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au kwa mtu anayeendelea kusugua kama zamani, fedha hupotea na fizi hurudi ilikokuwa. Nimesikia habari za watu waliouziwa upasuaji mjini kabla hata ya kusafishwa ugaga. Huko ni kumwaga udongo shinani wakati mvua ingali inanyesha na mtaro haujazibwa.

Kusafisha ugaga kwenyewe kuna siri ambayo wagonjwa wangeambiwa mapema tungeepuka lawama nyingi. Fizi iliyovimba ikisafishwa, uvimbe hunywea, na mzizi huonekana zaidi kuliko kabla. Mgonjwa hutoka akisema daktari amemharibu. Hakumharibu, mzizi ulikuwa wazi tangu zamani chini ya uvimbe, kama jiwe la ziwani linaloonekana maji yakipwa.

Tatizo la kwetu ni umbali. Mafunzo ya madaktari wa meno katika nchi yetu yalianza Dar es Salaam mwaka 1979, kwenye kitivo ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, nacho kimetoa wataalamu wengi. Lakini mabingwa wa fizi ni wachache, nao wanapatikana zaidi katika miji mikubwa. Na kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na Mbinga ni kama kilomita 100 mbele ya Songea, na Mbamba Bay ni mbele tena. Katika vituo vingi vya wilaya tiba ya meno imekuwa na maana moja tu, kung'oa. Simlaumu sana tabibu aliyepewa koleo, sindano ya ganzi na foleni ya wagonjwa hamsini. Ninalaumu kwamba tumezoea, na kwamba mgonjwa mwenyewe huingia akisema "nimekuja kung'oa" kabla hajatazamwa.

Sidai kwamba Mbinga au Nyasa, ambayo imekuwa wilaya yake yenyewe tangu mwaka 2012, ijengewe kesho chumba cha kupandikiza fizi. Ninalodai ni dogo. Pawepo mtu na kifaa cha kuondoa ugaga, na pawepo desturi ya kuandika barua ya rufaa kwenda Songea, na kutoka Songea kwenda Mbeya au Muhimbili, kwa jino imara lililofichuka mzizi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Viongozi wetu wa misikiti na wa vijiji waulize kama kusafisha ugaga kumo ndani ya kitita au la, na wasiridhike na jibu la kung'oa. Wilaya hizi zimejengewa hospitali na wamisionari, Litembo, Liuli, na kule Peramiho, ambako Waislamu na Wakristo wameuguzwa vitanda jirani kwa miaka mingi. Hili nalo ni jambo la kulidai pamoja, kwani fizi hazina dini.

Na wewe mgonjwa unayeambiwa uketi ung'olewe, uliza kwanza maswali mawili: linatikisika? Limeoza? Ikiwa jibu la yote mawili ni hapana, omba barua.

Shemeji yangu tulimpeleka Songea mwezi wa Julai. Daktari kijana alimpima kwa utulivu, akamsafisha, akamnyang'anya brashi yake ngumu na kumfundisha upya, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mgonjwa, kama mtoto anayefundishwa kuandika. Akampa dawa ya meno ya floridi na kumtaka arudi baada ya miezi miwili. Aliporudi, damu ilikuwa imekoma na mzizi haukuongezeka hata milimita moja. Ndipo akaelezwa habari ya kupandikiza, na hapo tukajifunza gharama ya ile robo saa ya koleo. Upande wa jirani aliyebaki, nyama ya kati ya meno ingalipo; upande wa pengo, mfupa ulikwisha kushuka baada ya jino kung'olewa. Kwa hiyo hata akipandikizwa na bingwa wa mabingwa, daktari alisema, mzizi utafunikwa kwa sehemu tu. Kabla ya kung'olewa lile la kwanza, huenda yote mawili yangefunikwa. Lengo sasa ni fizi nene, ili jino lililobaki lisimfuate mwenzake.

Shemeji alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama anaweza kusubiri malipo ya kahawa. Daktari akasema anaweza, mradi apige mswaki kama alivyofundishwa. Barua ya rufaa ya Muhimbili imo ndani ya sanduku lake, pamoja na vyeti vya watoto. Mdogo wangu anapiga hesabu za nauli ya watu wawili. Na kwa udhu wa Alfajiri, ananiambia kwamba tangu mwezi wa Septemba hapashi tena maji.